Glasi Tatu Nyuma ya Spika

Kufikia saa nne asubuhi Bi Ratiba alikuwa ameshavua vitambaa vya viti mia moja na arobaini, na kila kimoja alikivuta kana kwamba kilikuwa kimemtukana. Wafanyakazi wawili wa usafi waliisoma hali mapema. Walihamia jikoni kuosha sufuria zilizokwisha kuoshwa jana, wakamwachia ukumbi na hasira zake.

Jina hilo la Bi Ratiba alibandikwa na wateja. Alikuwa msimamizi wa ukumbi wa sherehe wa shangazi yake, na popote alipopita alikumbatia ubao wa kubania karatasi, ratiba juu, kalamu sikioni. Kwa miaka mitano hakuna keki iliyokatwa kabla ya wakati wake wala bibi harusi aliyeingia mlangoni bila wimbo wake. Aliziweza harusi za watu asiowajua hata kwa sura. Sherehe moja tu ndiyo iliyomshinda, na ilikuwa ya baba yake na mama yake.

Jana mchana wazee hao walitimiza miaka thelathini na tano ya ndoa. Baba yake, fundi saa, mtu asiyependa makuu, hakuomba keki wala maua. Aliomba kitu kimoja tu. Alikuwa na kaseti ya siku aliyooa, na ndani yake mlikuwa na sauti ya marehemu mama yake akiwaombea heri maharusi. Redio ya kuchezea kaseti iliharibika zamani, na sauti ile hakuisikia tena kwa miaka ishirini. Aliyeihamishia kwenye kompyuta, akakaa wiki tatu akiiondoa mikwaruzo, ni DJ ambaye kila mtu alimwita Besi. Na Besi huyo alikuwa mpenzi wa Bi Ratiba wa miaka miwili. Jumapili ijayo wazee wa kwao Besi walikuwa waje kuposa.

Sasa, kila DJ ana sauti ya kumtangaza, ile inayopenya katikati ya nyimbo ili watu wajue nani yuko kwenye mashine. Ya Besi ilikuwa sauti ya Bi Ratiba. Waliirekodi mwaka juzi chumbani kwa Besi, wawili hao wamejifunika blanketi kuzuia kelele za barabarani, na mtu akiisikia anaelewa kabisa kwamba kulikuwa na blanketi. "Usiondoke, mpenzi. Besi ndiyo kwanza anaanza." Kisha kicheko kidogo. Sharti lake lilikuwa moja, kwamba isisikike kamwe ndani ya ukumbi wa shangazi.

Jana wageni walisimama. Baba alimshika mama mkono katikati ya ukumbi, na bibi, aliyezikwa miaka mingi, akaanza kusema: "Wanangu, nawaombea..." Hapo hapo sauti ya mjukuu wake ikadakia kwenye spika zote nne. Usiondoke, mpenzi. Besi alibonyeza kuikata, akabonyeza palepale. Usiondoke, mpenzi. Mara ya tatu ilikwenda mpaka kwenye kicheko. Watu wote walimgeukia Bi Ratiba. Mama yake aliuachia mkono wa mumewe, akaenda kukaa, na mjomba mmoja kule nyuma akashindwa kuzuia kicheko, akawaambukiza wenzake.

Baba yake alikwenda mpaka kwenye meza ya DJ, akauliza kwa sauti ya chini, "Umelewa, kijana?"

"Nilikunywa, mzee," Besi akajibu. "Nisamehe."

Basi. Nyumbani jioni baba alisema sentensi moja tu, kwamba wazee wa kwao wasisumbuke kuja. Mama aliongeza za kwake, na zilikuwa nyingi, lakini iliyobaki kichwani mwa Bi Ratiba ni ile ya mwisho: "Kama hakuweza kujizuia mchana mmoja mbele ya wakwe, wewe peke yako utamzuia kwa kitu gani?"

Mlango wa nyuma ulisukumwa. Besi aliingia na shati la jana, macho mekundu, mabegi mawili matupu begani. Alisimama mbali kidogo na meza yake.

"Nimekuja kuchukua vyombo," alisema.

"Vichukue. Nani kakuzuia?"

"Hata salamu?"

"Yangu uliwapigia wageni wote jana, mara tatu."

Besi aliinama, akaanza kuchomoa waya. Alikuwa na namna yake ya kuzikunja, duara moja kwa nje, duara moja kwa ndani, zisijisokote. Zamani Bi Ratiba angeweza kukaa kwenye kiti akamtazama akikunja waya mpaka chai ipoe. Leo alimtazama na bado alimpenda, na jambo hilo lilimuudhi kuliko yote.

"Umeisoma?" alimuuliza, akielekeza kidevu ukutani.

Juu ya meza ya DJ shangazi alikuwa amebandika karatasi mpya, maandishi makubwa: KUANZIA LEO DJ HARUHUSIWI KUNYWA POMBE AKIWA KAZINI.

"Nimeisoma. Nimeandikiwa mimi."

"Mpiga picha wa jana alikunywa?"

"Hakunywa."

"Mpishi?"

"Mpishi anashika kisu."

"Dereva wa wazee?"

"Dereva ana roho za watu mkononi. Mimi nabonyeza vitufe." Besi alisema hivyo bila nguvu, kama mtu anayerudia jambo alilozoea kulisema.

"Vitufe," Bi Ratiba alisema. "Jana vitufe vimemkalisha mama yangu chini. Vitufe vimemnyamazisha bibi yangu ambaye mzee alimngoja miaka ishirini. Mpishi akikosea, watu wanasogeza sahani pembeni. Wewe ukikosea, nani atasogeza masikio?"

Besi alikunja duara jingine la waya.

"Nijibu. Umezoea kunijibu."

"Unataka nikujibu nini? Hujawahi kukaa pale." Aliweka waya chini. "Unafika kabla ya mtu yeyote, unaondoka wa mwisho. Katikati hapo mtu anakuletea glasi. Anaiweka mezani, anakupiga bega, anasema hii yako, DJ, leo umetuweza. Ukikataa, unaringa. Anawaambia wenzake huyu anajisikia. Sherehe ya mwanawe hakuiti. Halafu wote wamechangamka, wewe peke yako mkavu, unawaona wanavyoruka ovyo, unashindwa hata kujua wimbo gani wanautaka. DJ lazima awe mahali walipo watu."

"Mahali walipo watu," alirudia Bi Ratiba. "Mimi je? Mia mbili wanachangamka, nazunguka na ubao, na najua nani anataka maji na nani anataka kutapika. Nani aliwahi kuniletea glasi, nikasema lazima niwe mahali walipo?"

"Wewe ni wewe."

"Nilikuomba siku moja, Besi. Sikukuomba uache maisha yako yote. Nilikwambia, Jumamosi hii tu, kwa ajili ya baba yangu. Ukaniapia. Ulinishika mikono yote miwili pale nje kwenye ngazi, ukaniapia."

"Najua."

"Sasa ilikuwa ngumu wapi? Niambie, nami nikamwambie mama, maana ananiuliza na sina jibu."

Besi alimwangalia. Yalikuwa macho yale yale yaliyomtafuta ukumbini kila sherehe, kati ya vichwa vya watu, kumuuliza bila neno kama muda wa keki umefika. Kwa miaka miwili walikuwa wakizungumza hivyo, toka ncha ya ukumbi hadi ncha, na hawakuwahi kukosana. Leo Bi Ratiba hakuona neno ndani yake. Aliona mtu aliyechoka tu.

"Nilikosea," alisema Besi. "Ukitaka nirudie mara kumi, nitarudia."

"Sitaki urudie. Nataka unieleze."

"Hakuna cha kueleza. Nilikunywa."

Hapo Bi Ratiba akachoka kabisa. Kugombana na mtu anayekubali kila kitu ni kusukuma mlango uliokwisha kufunguliwa. Alikiweka kitambaa alichokuwa amekishika, akaenda mpaka kwenye kompyuta.

"Washa."

"Kwa nini?"

"Ifute sauti yangu. Leo, mbele yangu. Watu wameshaicheka, inatosha."

Besi alisita. "Ile ni ya siku yetu ya kwanza kabisa."

"Ndiyo maana."

Aliwasha kompyuta, akaitafuta sauti, na kompyuta ikamuuliza kama kweli anataka kuifuta. Kidole chake kilitetemeka juu ya kitufe, kikaenda pembeni, kikarudi. Pombe za jana hizo, Bi Ratiba aliwaza kwa uchungu. Besi akabonyeza. Kitufe cha kwenye mashine, kile chenye alama ya gundi nyekundu kilichokuwa kikimtoa Bi Ratiba spikani, kikabaki hakina kitu.

"Imekwenda," alisema.

"Asante." Alitaka neno hilo liwe kali, likatoka na kilio. Aligeuka upesi asionekane, akaishika spika kubwa ya pembeni ili aivute. Alau afanye kazi.

"Hiyo niachie," Besi alisema. Alisema haraka mno.

Mtu aliyesimamia ukumbi miaka mitano anaijua sauti ya mtu anayeficha kitu. Bi Ratiba aliisukuma spika kwa kiuno.

Nyuma yake, sakafuni, zilisimama glasi tatu za bia. Kila moja ilikuwa imefunikwa karatasi ya kufutia mikono, zimepangwa mstari mmoja ukutani. Zilikuwa zimejaa. Povu lilikwisha zamani, lakini hakuna hata moja iliyopungua kwa kidole.

Aliinama, akanusa ya kwanza, ya pili, ya tatu. Alikuwa na mazoea ya kuhakiki.

"Hii nani aliileta?"

"Mjomba wako. Ya pili MC, ya tatu shemeji yako. Nilipokea nikasema asante, nikaziweka nyuma nisizione."

"Hukunywa."

Besi alikaa juu ya begi lake.

"Besi. Hukunywa hata tone."

"Sikunywa."

Furaha ilimpanda Bi Ratiba kwa kasi, na nyuma yake ikafuata hasira mpya, kubwa kuliko ile ya kwanza. "Sasa una akili kweli? Baba amekuuliza mbele ya watu, ukasema umekunywa. Nimelia usiku kucha. Nimekusema asubuhi nzima kwa kosa ambalo hukulitenda, na wewe umekaa kimya unakunja waya. Kwa nini?"

Besi alinyoosha mikono yake miwili mbele yake, viganja chini. Vidole vilikuwa vikicheza vyenyewe, vidogo vidogo, bila kupumzika.

"Tangu Jumatano sijagusa," alisema. "Nilijua siku moja haitoshi, nikasema nianze mapema. Ijumaa mikono ikaanza hivi. Nikadhani ni hofu ya wakwe. Jumamosi nilipomweka bibi yako kwenye kitufe kimoja na wewe kwenye kitufe cha jirani, nilidhani nitavijua hata nikifumba macho. Sikuweza kukipata kitufe. Nilikuwa nakiona, na kidole hakiendi."

Bi Ratiba aliketi sakafuni, karibu na glasi.

"Sijafanya sherehe hata moja bila glasi kwa miaka minne," Besi aliendelea. "Mwanzoni ilikuwa ya kuchangamka. Sasa hivi ni ya kutulia. Hayo maneno yangu ya kuwa mahali walipo watu, nayasema mwenyewe niyasikie. Jana ndiyo mara ya kwanza nimefanya kazi mkavu, na umeona."

"Ungeniambia."

"Nikuambie nini? Mtu akilewa, watu wanacheka, wanamsema wiki mbili, wanasahau. Mtu asiyeweza kubonyeza kitufe bila kunywa, nani atamwita kazini? Nani atampa binti yake? Niliona bora nionekane mlevi wa siku moja."

Kama Besi angekuwa amekunywa, Bi Ratiba angejua la kufanya. Angemkasirikia, angemsamehe au angemwacha. Hili halikuwa na mahali pa kulishika. Alimwomba ajizuie, akajizuia, na ndiyo sababu sherehe iliharibika. Alitamani kuipiga teke ile mashine.

Mlango wa mbele ulifunguliwa. Alikuwa baba yake, na ile miwani yake ya kazini bado imening'inia kifuani.

"Nimefuata kaseti yangu," alisema. Hakumwangalia Besi.

Besi alisimama mara moja, akafungua mfuko wa ndani wa begi, akamkabidhi kaseti kwa mikono miwili. Bi Ratiba naye alisimama, na kabla hajajishauri vizuri alikuwa ameshika glasi moja.

"Baba, hakunywa. Angalia mwenyewe. Tatu, zimejaa."

Mzee aliifunua karatasi, akainusa glasi, akachungulia zile mbili sakafuni. Akamgeukia Besi taratibu. "Sasa kwa nini ulisema umekunywa?"

Besi alimtazama Bi Ratiba. Bi Ratiba alitazama ubao wake.

"Nilichanganyikiwa, mzee," Besi alisema.

"Woga tu," mzee alisema, na uso wake ukalegea kidogo. "Hata mimi siku ya kwanza kwa wakwe zangu nilikalia sahani ya mtu. Mama yenu hadi leo ananikumbusha." Alivuta pumzi. "Kama ni woga, hilo ni jambo jingine. Nitazungumza na mama yako. Wazee waje tu Jumapili."

Yale maneno ambayo Bi Ratiba aliyalilia usiku kucha yalikuwa yametamkwa, mchana kweupe, na baba yake mwenyewe. Alingoja moyo wake uruke. Haukuruka.

"Bado unayo ile sauti?" mzee alimuuliza Besi. "Nataka kuisikia mpaka mwisho. Hata kidogo kidogo."

Besi alichomeka tena spika moja. Mzee alisimama mbele ya meza, kaseti mkononi. Besi alinyoosha kidole juu ya vitufe, na Bi Ratiba, aliyekuwa pembeni yake, alikiona kikitua. Kilitua kwenye kile chenye gundi nyekundu.

Ukumbi ulikaa kimya.

Mzee alingoja, akidhani mashine inajiandaa. Besi aligeuka rangi. Yeye na Bi Ratiba ndio waliojua kwamba kama si kufuta asubuhi ile, sauti ya chini ya blanketi ingekuwa imeshamdakia bibi tena. Besi aliushika mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto, akausogeza kama mtu anayesogeza chombo cha mwenzake, akabonyeza kitufe cha jirani.

"Wanangu, nawaombea mambo yenu muambiane," bibi alisema, sauti kavu, watoto wakilia nyuma yake. "Hata lile la aibu, mwambie mwenzio. Usimwache akalisikia kwa watu. Mkinuniana, nuneni mkiwa mmekaa pamoja. Haya, nimemaliza. Nipeni maji, koo limenikauka."

Mzee alivaa miwani yake, akaivua. Alicheka kidogo kwa ajili ya yale maji. "Alikuwa hivyo hivyo," alisema. Akajifuta uso kwa kiganja. "Haya. Nikamwambie mama yako Jumapili iko palepale?"

"Hapana, baba," alisema Bi Ratiba. "Wasije kwanza."

Baba yake alimgeukia. "Mbona hivyo? Jana ulinililia mimi kwa ajili yake."

"Nampenda, baba. Hilo halijabadilika." Alisema mbele yake, kitu ambacho hakuwahi kuthubutu. "Lakini wasije kwanza. Sababu atakuambia mwenyewe."

Alimwangalia Besi toka pale aliposimama, kwa yale macho yao ya kutoka ncha hadi ncha ya ukumbi, yanayouliza kama muda umefika. Besi alikuwa amezika mikono mifukoni. Bi Ratiba alifikiri atajitetea tena, atasema ni woga, na kama angesema hivyo, alijua angempa mabegi yake na kumfungulia mlango.

Besi aliitoa mikono mifukoni. Aliiweka juu ya meza mbele ya fundi saa, mtu aliyekula maisha yake yote kwa mkono usiotikisika, akaiacha icheze ionekane.

"Mzee," alisema, "naomba ukae. Nilikudanganya jana, na nimekudanganya sasa hivi."

Bi Ratiba alikwenda kwenye viti alivyovivua vitambaa na kuvipandanisha asubuhi nzima. Alishusha kimoja, akamwekea baba yake. Alishusha cha pili, akamwekea Besi. Alisimama hapo na ubao kifuani, amechoka, amekasirika bado, hajui hii itachukua miezi au miaka. Kisha aliuweka ubao sakafuni, akashusha kiti cha tatu.